Nyumba Isiyofuka Moshi

Kwetu watu walisalimiana kwa moshi kabla ya kusalimiana kwa mdomo. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mgongo wa kilima juu ya Keumbu, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na mgongo mwingine uliotazamana nasi. Asubuhi, mtu akitoka nje kunawa uso, alipitisha macho juu ya mapaa ya upande wa pili. Paa lililofuka lilikuwa na watu walioamka salama na chungu motoni. Paa lisilofuka lilikuwa na swali. Mwanamke angesema, "Kwa fulani hakujafuka leo," na jua halijapanda mtu angetumwa huko na kisingizio cha kuomba moto au chumvi, ili achungulie. Wagonjwa waliokolewa kwa njia hiyo, na wazee waliofia vitandani walikutwa mapema. Ilikuwa desturi njema. Ninalisema hili mwanzoni, kwa sababu walioitumia kwetu hawakuwa watu wabaya.

Baba alikufa kwanza, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Mama alimfuata nilipokuwa darasa la sita, baada ya Uhuru, kwa homa iliyomlaza msimu mmoja wa mvua. Alituacha wanne. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwa dada yangu, msichana mwembamba asiyependa maneno mengi, kisha mdogo wetu wa kiume aliyekuwa akichunga mbuzi, na mwisho kitinda mimba, msichana aliyekuwa bado akisema maneno kwa kuyakata nusu. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu kuzaliwa. Ukimbeba mgongoni ulisikia pumzi yake ikikwaruza kama ufagio kwenye sakafu ya udongo.

Matanga yalipokwisha, watu wa ukoo walikaa uani kuzungumza habari zetu. Aliyesema zaidi ni baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekaa ng'ambo ya bonde. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kuogopa midomo ya watu, na kilichomsumbua ni kwamba siku moja ingesemwa watoto wa ndugu yake walikufa njaa yeye akiwatazama. Akapendekeza tugawanywe. Mchungaji wa mbuzi aende kwake akachunge na wanawe. Wasichana wote wawili waende kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Nyaramba ambako majani chai yalikuwa yameanza kupandwa na chakula hakikukosekana. Mimi ningebaki shuleni na kulala kwake.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikasema nitaacha shule. Nitalima shamba la mama na kukaa na wenzangu chini ya paa la mama. Nilikuwa nimeshatahiriwa, kwa hiyo kwa mila yetu nilikuwa omomura, kijana mwanamume, na omomura akisema neno mbele ya wazee hawezi kunyamazishwa kama mtoto.

Baba mkubwa aliinuka, akaelekeza fimbo yake ng'ambo, kwenye paa lake.

"Kaa nao basi," akasema. "Lakini mimi naishi pale, na macho ninayo. Siku nitakayoamka nisione moshi kwenye paa la ndugu yangu, nitajua watoto wamelala njaa. Nitakuja kuwachukua. Sitangoja kuambiwa na mtu."

Wazee wakaitikia kwamba hilo ni neno la haki. Nami nililiona la haki. Kabla ya kuondoka, baba mkubwa alishuka hadi mpakani, mahali baba alipokuwa amepanda miti ya wati, ile ambayo magome yake yalinunuliwa kwa kutengenezea ngozi na shina lake huwaka vizuri kuliko mti wowote. Akaweka tawi la miiba kwenye njia ya kuingilia. Miti, alisema, inataka mtu mzima wa kuitunza. Angetutunzia mpaka tukue. Hivyo tukatakiwa kufuka moshi kila asubuhi, na kuni zikawa nyuma ya miiba.

Anayejua nchi yetu kwa kupita tu barabarani huona migomba na kijani, akafikiri ni nchi ya joto. Aje akae mwezi wa Julai. Ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa mlangoni hadi karibu na saa nne. Mvua ya mawe hushuka bila habari, ikachana majani ya migomba kama nguo kuukuu, na usiku baridi hupita kati ya ukuta na paa kama mtu mwenye ufunguo. Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo na nyasi, na nyufa zake zilikuwa zimeanza kufunguka hata kabla hajafa.

Mwaka wa kwanza tuliwasha tulichopata. Dada yangu alizunguka na kamba kiunoni akiokota vijiti chini ya nyua za majirani, na mara nyingine alifukuzwa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na uhaba wake. Tulichoma mabua. Tulichoma magunzi, ambayo huwaka haraka na kuzimika haraka. Tulichoma magamba ya mgomba yaliyoloa ukungu, na nyumba ikajaa moshi mzito wa njano uliokaa kwenye kimo cha macho. Ng'ambo ya bonde baba mkubwa aliuona, akaridhika. Ndani, mtoto alikohoa mpaka akatapika.

Nilimpeleka zahanati. Dresa, yule mganga msaidizi wa pale, aliweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto, akaniuliza analala wapi. Nikamwambia karibu na moto, ndipo penye joto. Akasema moshi ule unamwua. Nikamuuliza basi nimlaze mbali na moto? Akasema hapana, baridi itamwua kabla ya moshi. Akanipa dawa ya maji kwenye chupa na kumwita mgonjwa aliyefuata. Nilirudi nikiwa nimembeba, nikifikiri njia nzima. Nilihitaji nyumba yenye joto isiyo na moshi, na kuni sina.

Njia niliiona kwenye kitu ambacho mama alikuwa amekiacha pembeni mwa chumba, kapu kubwa lililojaa makapi ya wimbi. Sisi ni Wasabato. Mama hakuwasha moto wa kupikia siku ya Jumamosi. Ijumaa mchana alichemsha maharagwe na mahindi mpaka yakaanza kulainika, akafunika chungu kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, akakizungushia blanketi kuukuu na kukizika katika kapu lile la makapi. Jumamosi tulipotoka kanisani alikifukua, na chakula kilikuwa kimeiva hadi ndani, kikitoa mvuke. Tangu utoto nilikuwa nimekula chakula kile nikidhani uvuguvugu wake ni sehemu ya utakatifu wa siku.

Siku ile niliyotoka zahanati ilikuwa katikati ya juma. Nikachemsha maharagwe kwa kuni chache, nikayafunga, nikayazika. Dada yangu alinitazama kama anayetazama mtu akivaa kanzu ya ubatizo kwenda shambani. Aliniuliza kama nimesahau siku. Jioni tulifukua, tukala. Mwisho akasema, "Basi Mungu hakatazi Jumanne." Tangu hapo kila siku ikawa Jumamosi kwetu.

Kapu liliokoa kuni, lakini halikupasha nyumba joto. Kwa hiyo nikaendelea. Nilileta udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, nikauchanganya na majivu na nyasi zilizokatwakatwa, nikajenga ukuta mnene kuzunguka mafiga matatu ya mama, nikaacha mdomo mmoja mdogo wa kuingizia kijiti kimoja kwa wakati. Moto mdogo uliowashwa humo alasiri ulipasha ule udongo, na udongo ukatoa joto lake polepole mpaka asubuhi, bila moshi. Tuliziba nafasi kati ya ukuta na paa kwa magamba ya mgomba yaliyokauka vizuri, tukaacha tundu moja upande usio na upepo ili nyumba ipumue. Tulikandika kuta upya kwa udongo na samadi, ndani na nje. Mawe ya mtoni tuliyaweka juu ya ukuta wa mafiga yapate moto, kisha tukayafunga kwenye gunia na kumlaza nayo kitinda mimba miguuni. Mbuzi wawili na ndama tuliwaingiza ndani upande wa mlango, kwa sababu mnyama ni jiko lisilotaka kuni.

Jambo la mwisho ndilo lililoleta maneno. Kijana aliyetahiriwa halali katika nyumba ya mama yake, wala haketi kwenye mafiga. Nilikuwa na kibanda changu cha uvulana uani, na kibanda kile kilitaka moto wake. Mioto miwili sikuiweza. Nikakibomoa, miti yake nikaipasua kuni, nikahamia ndani na wenzangu. Vijana wa rika langu walipopita njiani waliuliza kwa sauti kama wali wa harusi yangu umeiva. Jirani yetu mmoja, mjane mzee tuliyemwita nyanya, alinikuta nimepiga magoti nimepakaa udongo hadi viwikoni, akasimama mlangoni na mkongojo wake.

"Omomura," akasema, "ukimaliza kukandika niambie, nikutafutie mume."

"Nitafutie mwenye kuni, nyanya," nikamjibu.

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaingia, akaushika ule ukuta wa mafiga, akaacha mkono wake pale kwa muda. Tangu siku hiyo, alasiri za baridi, alikuja kuketi nasi, na mtu akimwuliza anafanya nini kwenye nyumba ya yatima alisema amekuja kuota jua.

Msimu ule kitinda mimba alipata nafuu. Sisemi alipona. Lakini ule mkwaruzo ulishuka, akalala usiku mzima, akaanza kumfuata kaka yake kwa mbuzi na kuwapa mbuzi majina. Alinenepa mashavu. Dada yangu alirudi shuleni siku kadhaa za juma kwa sababu hakuwa tena na kazi ya kuzunguka na kamba. Nilianza kufikiri tumevuka.

Sikufikiri juu ya paa. Moto wetu uliwaka mara moja kwa siku, alasiri, wakati hakuna anayetazama mapaa, na ulikuwa mdogo na mkavu. Asubuhi watu walipotoka kunawa uso, kila nyumba ya mgongo wetu ilifuka isipokuwa yetu. Sisi wakati huo tulikuwa ndani tukinywa uji uliolala kwenye kapu, ungali moto. Jumamosi walikuwa wametuzoea. Lakini sasa Jumapili haikufuka, Jumatatu haikufuka. Nyumba yetu ilikuwa ikionekana imekufa.

Siku moja nilishuka sokoni Daraja Mbili na mikungu ya ndizi. Nilirudi jua likielekea kuzama, na nilipokaribia nilimwona dada yangu amekaa kwenye kizingiti, mikono yake magotini. Mdogo wetu wa kiume alikuwa nyuma ya nyumba na hakutaka kutoka. Nikauliza kitinda mimba yuko wapi. Dada yangu akanisimulia akiwa hanitazami.

Baba mkubwa alikuwa amekuja asubuhi pamoja na shangazi. Aliingia bila kubisha, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga, akachota jivu la ukingoni mwa mdomo wa ule ukuta. Akalionyesha shangazi kwenye kiganja. Lilikuwa baridi. Dada yangu akawaambia chakula kipo, kipo kwenye kapu. Baba mkubwa akauliza kama siku hizi chakula huatamiwa kama mayai. Dada yangu akafukua chungu, akafungua majani, mvuke ukatoka. Shangazi alionja. Alisema ni kizuri, na kwamba Mungu ambariki jirani aliyetoa. Kisha akamfunga kitinda mimba mgongoni, akasema amekuwa mwepesi, wakati alikuwa amenenepa. Wengine, walisema, wangechukuliwa baada ya mavuno.

"Aliwaaga mbuzi," dada yangu akasema. Ndilo neno pekee alilolisema kwa kunitazama.

Nilivuka bonde kesho yake asubuhi. Baba mkubwa alinipokea vizuri, akaniita mwanangu, akaagiza niletewe uji. Nilimweleza habari za kapu, na ukuta, na mawe ya moto, na maneno ya dresa. Alinisikiliza kwa uvumilivu. Sidhani alinidharau. Alikuwa kama mtu anayeelezwa kwamba ng'ombe fulani hutoa maziwa kwa pembe.

"Labda ni kweli mnakula," akasema mwishowe. "Lakini watu wote wa ng'ambo hii wananiuliza, mbona kwa ndugu yako hakufuki? Niwajibu nini? Niende nyumba kwa nyumba na kapu lako kichwani?"

"Nikifuka, utamrudisha?"

"Nione moshi. Nione asubuhi moja baada ya nyingine, mpaka watu waache kuniuliza. Nitamtuma mtu kwa shangazi yako mimi mwenyewe."

Nikamwomba anifungulie kuni za wati ili nifuke. Akasema miti bado michanga.

Basi nikatafuta moshi usiotaka kuni. Nyuma ya nyumba, upande unaotazama bonde, nilichimba shimo, na kila asubuhi kabla ya ukungu kuondoka mdogo wetu wa kiume alichukua kaa tulilolifukia ndani ya jivu la mafiga tangu alasiri, akaliweka chini ya magamba makavu kidogo, kisha akarundika juu yake majani mabichi ya mgomba na magugu yenye umande. Moshi ulipanda mzito, mweupe, mrefu kuliko wa nyumba yoyote. Uliegemea paa letu kwa nyuma, na kutoka ng'ambo ulionekana unatoka kwenye nyasi. Haukupika kitu. Haukupasha mtu joto. Tulikuwa tukisimama kando yake tukitetemeka, kisha tunaingia ndani kula uji wetu wa kwenye kapu. Nyanya aliutazama siku ya kwanza, akauliza tunamfukizia nani ubani. Lakini njiani watu walianza kunisalimia kwa furaha. Siku hizi mnapika sana, walisema. Ukiwa wa njaa ulikuwa umetoka nyumbani kwetu machoni mwao, na mtu mmoja hata alikuja kuniomba mahindi.

Mavuno yalipita. Hakuna aliyekuja kuchukua wengine, nami nikajua moshi unasemwa vizuri ng'ambo. Nikaenda Nyaramba kumtazama kitinda mimba.

Nyumba ya shangazi ilikuwa kubwa, na kuni zilipangwa ukutani hadi chini ya paa. Ndani sikuweza kuona kwa muda. Moto wa magogo ulikuwa ukiwaka katikati, na juu yake moshi ulikaa kama dari. Shangazi alikuwa amemlaza mtoto mahali pazuri kuliko pote, karibu kabisa na moto, juu ya ngozi, amefunikwa shuka la mumewe. Watoto wake mwenyewe walilala nyuma. Lazima niliseme hilo. Alimpa mahali palipokuwa pa heshima.

Mkwaruzo niliusikia kabla sijamwona. Mashavu yalikuwa yameingia. Aliponitambua aliuliza habari za mbuzi mmoja kwa jina, akakohoa, akauliza tena.

"Shangazi, moshi huu si mzuri kwake," nikasema.

"Moshi?" akasema. "Mwanangu, tangu afike moto huu haujazimika. Nani atasema mtoto wa kaka yangu alipigwa na baridi kwangu?" Macho yake yalikuwa mekundu, naye pia alikohoa aliposema.

Nilimwomba nimchukue siku ile ile. Akasema mtoto alikabidhiwa na mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye atakayemwondoa, lakini yeye hana kinyongo, neno likija tu atamrudisha. Nilikubali kwa sababu hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kumwiba, na mtoto aliyeibwa angefuatwa pamoja na wenzake. Nilimwomba angalau amsogeze karibu na mlango. Aliahidi. Nilirudi moja kwa moja hadi kwa baba mkubwa na kumwambia jinsi nilivyomkuta.

Alikubali, na alikubali kwa moyo mzuri. Alisema amekuwa akitazama paa letu, na hata mkewe amesema nyumba ile imefufuka. Angetuma mtu baada ya Jumapili. Nilirudi nyumbani, nikakandika upya pale kitinda mimba alipokuwa akilala, na mdogo wetu wa kiume akaenda mtoni kuchagua mawe mapya, laini, ya kumwekea miguuni. Aliyapanga juu ya ukuta wa mafiga kwa ukubwa.

Mtu aliyetumwa alikutana njiani na mtu aliyekuwa akitoka Nyaramba. Wakarudi pamoja.

Mtoto mdogo kwetu hazikwi kwa shughuli kubwa. Familia hukusanyika, kaburi huchimbwa, siku hiyo hiyo mambo huisha. Lakini watu walikuja kutoka migongo yote miwili, nadhani kwa sababu kila mtu alikuwa na neno alilowahi kulisema juu ya paa letu. Wanawake walikuja na kuni vichwani, kama ilivyo desturi ya kwenda kwenye msiba. Kila mmoja aliingia uani akatua mzigo wake, na rundo likapanda hadi kifuani kwangu. Nyua zile ambazo dada yangu alifukuzwa chini yake zilikuwa zimekatwa matawi. Halafu nikasikia shoka upande wa mpakani. Baba mkubwa alikuwa ameondoa tawi la miiba kwa mikono yake, na alikuwa akikata wati yeye mwenyewe, mzee yule, hataki kusaidiwa na vijana. Aliiangusha miti mikubwa mmoja baada ya mwingine, na ikaburutwa hadi uani, na moto mkubwa ukawashwa ili waombolezaji waote. Katika maisha yetu yote pale hatukuwahi kuwasha hata robo ya moto ule. Watu walilazimika kusogeza viti nyuma.

Shangazi alikaa chini kando ya kaburi na hakuinuka. Alirudia kwamba baridi haikumgusa, hata siku moja, baridi haikumgusa. Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia.

Alasiri baba mkubwa alikuja kuketi karibu nami. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa wati na malengelenge.

"Nilikuwa nauona moshi wenu kila asubuhi," akasema. "Nilikuwa namwambia mama yenu mkubwa, tazama, wale wameshiba. Nililala usingizi kwa sababu ya moshi ule."

"Ulikuwa wa majani mabichi, baba mkubwa," nikasema. "Tuliuwasha nje. Haukuwa na chungu."

Hakuelewa mara moja. Nikamwonyesha shimo nyuma ya nyumba, jivu lake la kijivu lililolowa, na majani yaliyorundikwa tayari kwa kesho yake. Kisha nikamwingiza ndani, nikaushika mkono wake na kuuweka juu ya ukuta wa mafiga. Moto humo ulikuwa haujawashwa tangu jana yake. Udongo ulikuwa bado na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe. Yale mawe yalikuwa juu yake, yamepangwa kwa ukubwa. Aliacha mkono pale. Aliuliza mawe ni ya nini, nikamwambia. Alitoka, akavuka bonde peke yake kabla watu hawajatawanyika.

Hakuja tena kuchukua mtu, wala hakurudisha tawi la miiba. Watu walipomwuliza habari za paa letu, nilisikia baadaye, alisema nyumba ile ifuke au isifuke, mtu asimwulize yeye. Shimo la nyuma tulilifukia. Tukawa watatu, na watatu tukabaki. Dada yangu alimaliza shule ya msingi. Mdogo wetu wa kiume aliingia sekondari miaka ya sabini, na mimi nililima, nikapanda wati mpya mahali pa ile iliyokatwa.

Waombolezaji walipoondoka walituachia kuni. Magogo mengine hayakuguswa, mengine yaliungua ncha tu. Nyanya alisema kuni za msiba si za kupikia, ni za kuachwa zilale uani mpaka zioze. Nilimheshimu, lakini sikumsikiliza. Niliyapasua yote kwa shoka la baba, vipande vyembamba kama mkono wa mtoto, nikavipanga chini ya paa upande usionyeshewa. Wati mbichi hutaka muda. Ilipokauka, nilianza kuitumia, kijiti kimoja alasiri, kijiti kimoja alasiri, katika mdomo ule mdogo wa udongo. Ilitutosha Julai iliyofuata yote, na mvua za mawe zilizokuja baada yake, na Julai nyingine. Tulilala na joto. Asubuhi nilitoka kunawa uso, na mgongo wote wa kilima ulikuwa ukifuka isipokuwa kwetu, na hakuna mtu aliyekuja kuchungulia.